Kivuli Kilichotupita Kongwa

Kongwa,
Jumapili mchana

Dada yangu Salome,

Shikamoo, dada. Kabla hujaendelea kusoma, geuza bahasha utazame pale nilipoibandika. Nimepaka gundi mara mbili na kuandika jina langu juu ya mkunjo. Mwalimu anayekuletea anapita Makambako kwenda kwao. Ni mtu wa dini na sina neno naye, lakini ukikuta maandishi yale yamekatika, ujue kuna aliyesoma kabla yako, na unieleze.

Hali zenu huko Makete? Goti lako linasemaje na baridi hii? Mama bado anakohoa alfajiri, au ile dawa ya hospitali imemtuliza? Nimesikia sakitu imeanguka mapema mwaka huu, barafu imelala kwenye majani alfajiri, na viazi vya bondeni vimeungua majani. Msivunjike moyo, vya mlimani huwa vinapona. Mimi ni mzima wa mwili. Upepo wa kipupwe wa huku umenipasua midomo, na vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi. Mlenda nimeuzoea sasa, nakula bila kufumba macho.

Uliponipigia wiki iliyopita ukanisikia najibu "ndiyo", "hapana", "nzuri tu", kama mtu aliyekaa mbele ya polisi, hukukosea sana. Nilikuwa chumba cha walimu. Siku hizi nikiingia humo mazungumzo yanapungua sauti, na wale waliokuwa wanasahihisha madaftari wanayafunika. Uliniuliza kuna nini nikasema hakuna kitu. Kitu kipo. Nakuandikia kwa sababu nataka ukijue kutoka kwangu, kwa urefu wake, kabla hujaletewa na mwingine kikiwa kimekatwa mkia.

Yalianza mwezi uliopita. Mkuu wa shule aliniita nje ya darasa kipindi cha pili. Alikuwa amesimama na mwanamke wa makamo, mfupi, amejitanda ushungi wa kijivu, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu.

"Mwalimu Faraja," mkuu akasema, "huyu ni Daktari Hawa, anafundisha chuo Dodoma mjini. Si daktari wa sindano, ni wa fizikia, somo lako. Anatafuta mwalimu wa kumsaidia kazi ya siku moja."

Wewe unanijua. Mtu akitaka msaada wa siku moja, mimi ninakuwa na maswali naye ya wiki nzima. Nikampeleka maabara, nikampa kiti kinachotazama dirisha ili mwanga umpige usoni, nikamwambia aeleze.

Akaeleza. Ng'ambo ya Neptuni, sayari ya mwisho, mbali kiasi kwamba ukilitazama jua kutoka huko ni nyota kali tu kati ya nyota, kuna vipande vya barafu visivyohesabika. Vinalizunguka jua polepole, kimoja kikichukua mamia ya miaka kumaliza mzunguko mmoja. Alisema ni mabaki ya siku zile sayari zilipokuwa zinaumbwa, kama chenga zinazobaki kwenye chekeche unga ukishapita. Nikamwambia kwetu barafu tunaijua, tunaamka nayo kwenye majani. Akacheka kidogo. Barafu ya huko, akasema, ni ngumu kama jiwe, na jua lake halina nguvu ya kuiyeyusha.

Sasa kipande kimoja kati ya hivyo kingepita mbele ya nyota fulani. Chenyewe ni hafifu mno, darubini yake isingekiona. Lakini nyota ingezimika kwa sekunde chache, kama taa ya jirani inavyopotea mtu anapopita mbele ya dirisha. Ukihesabu sekunde hizo katika sehemu kadhaa, unajua kipande kile kina upana gani. Na kivuli chake, kati ya dunia nzima, kingepita juu ya nchi yetu hii kavu, kuanzia Kondoa hadi huku.

"Kinaitwaje?" nikamwuliza.

"Bado hakijapewa jina. Kina namba."

Akanionyesha kwenye karatasi. Tarakimu nne, herufi mbili, tarakimu tena. Mimi nikaitazama, nikaona namba ya kiwanja.

Usiniambie nimezidi, dada. Wewe ndiye uliyenishika mkono siku tuliyowakuta wale vijana wa heshima bondeni, chini ya nyumba ya bibi, na chombo chao juu ya miguu mitatu ya chuma. Walisema wanapima mvua. Bibi akawapa viazi vya kuchemsha na kiti cha kukalia. Leo bonde lote lile ni misonobari ya watu tusiowajua, na bibi alikufa akiulizia mvua waliyopima ilikuwa kiasi gani. Tangu hapo nikiona miguu mitatu ya chuma imesimama shambani kwa mtu, moyo wangu unakwenda mbio. Na darubini ya Daktari Hawa ilikuwa na miguu mitatu.

Alitaka sehemu tatu. Ya kwanza ni Kolo, ambako ndiko kwao, na huko angesimama baba yake mdogo, mwalimu mstaafu. Ya pili ni Nzuguni, nyumbani kwake mwenyewe, ambako angemwacha mwanafunzi wake mmoja wa kike. Ya tatu ni hapa, na hapa angekuja mwenyewe kwa sababu hana mtu. Alihitaji uwanja mpana usio na taa. Mkuu wa shule, ambaye huwa hasiti kutoa cha mwenzake, akamwelekeza shamba la Mama Mbeleje.

Mama Mbeleje ni mjane, nyumba yake iko ng'ambo ya korongo, na ni mjumbe wa baraza la kata. Kesi za mipaka, za ng'ombe walioingia shambani, za nani alihamisha jiwe usiku, zote amezisikiliza. Tulimkuta anapepeta karanga.

"Mbukwa, mama," Hawa akamsalimu, akainama kidogo.

"Mbukwa. Karibuni."

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta. Kisha akaweka ungo chini.

"Mwanangu, hapa waliwahi kuja watu na matrekta, mama yangu akiwa msichana. Walisema karanga. Karanga zikawashinda, wakaenda zao, na mpaka leo jembe langu linagonga vyuma vyao. Nyie mnasema nini?"

"Tunasema nyota, mama. Jioni moja tu. Sichimbi, sipandi, siweki alama."

"Nyota." Akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe unamdhamini?"

Nikajibu, "Nitakuwa naye siku hiyo."

Hilo si jibu, na yeye ambaye kazi yake ni kusikiliza watu wakikwepa alijua si jibu. Lakini akakubali, kwa sharti kwamba hakuna kitakachozama ardhini hata kidole.

Hawa alirudi siku moja kabla ya tukio na masanduku mawili. Nyumba ya wageni iko mbali, basi nikamkaribisha kwangu. Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilijiambia ni ukarimu, lakini nilitaka awe mahali ninapoweza kumwona. Tulipika pamoja. Alinisimulia kwamba kwao Kolo wamekua wakiona wageni wanaokuja kutazama michoro ya mababu miambani, na akiwa mtoto alidhani kazi ya watu wote wazima duniani ni kutazama vitu vya zamani. Alikuwa mchangamfu. Alikunja vizuri kanga niliyompa ya kujifunikia. Nami nikawa najiuliza mtu mchangamfu namna hii anaficha nini.

Asubuhi yake alipokwenda bafuni kuoga, nikafungua mkoba wake.

Nimekwisha kuandika hilo, na sitalifuta. Ndani mlikuwa na ramani ya Dodoma yote, na juu ya ramani mistari mitatu iliyokwenda sambamba, kimshazari, kutoka kaskazini mashariki kushuka kusini magharibi. Wa kati ulipita katikati ya vijiji. Miwili ya pembeni iliandikwa "ukingo". Kongwa yetu ilikuwa ndani ya ukingo mmoja, imezungushiwa duara jekundu. Juu kabisa ile namba. Nje nilisikia maji yanamwagika. Nikapiga picha kwa simu mara mbili, nikarudisha karatasi ilipokuwa, na alipotoka anajikausha masikio nikamuuliza kama maji yalikuwa ya moto.

Saa nne nilikuwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji, Bwana Ndahani. Alikuza picha kwa vidole viwili akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni njia," akasema. "Wanapitisha kitu. Bomba, au nguzo, au barabara. Na waliomo ndani ya mistari ndio watakaohamishwa. Barua yake ya utambulisho iko wapi?"

"Anasema ipo wilayani."

"Mimi si wilaya."

Nikatoka pale nikijiona nimefanya kazi ya maana. Nilimkumbuka bibi. Nilitembea kurudi shuleni nikitunga kichwani hotuba ambayo watu wangenishukuru nayo.

Jioni, jua likiwa limeshazama na wekundu bado uko upande wa Dodoma, tulikuwa shambani kwa Mama Mbeleje. Hawa alikuwa ameshasimamisha darubini, kebo imeunganishwa kwenye kompyuta, anapuliza vidole kwa baridi. Nyota yetu ilikuwa tayari kwenye kioo, nukta moja nyeupe kama punje ya ulezi, kati ya nyingine nyingi. Ndipo watu wakatokea korongoni. Mtendaji mbele, nyuma yake wanaume kama ishirini na wanawake kadhaa, wengine na fimbo zao za kuchungia.

"Mama, fungasha vyombo vyako," mtendaji akamwambia Hawa. "Twende ofisini."

"Kuna nini?"

Akamwonyesha simu. Hawa aliitazama ile picha, akaitambua ramani yake, na zaidi ya ramani akatambua kitambaa cha maua kilichokuwa chini yake. Ni kitambaa cha meza yangu. Akainama akaanza kuchomoa kebo. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja na uwanja mbele yake. Walimweka kwenye benchi. Alieleza mistari ile ni njia ya kivuli, kwamba wa kati ni pale kinapotarajiwa kupita kitovu chake na kingo ni mwisho wake, na kwamba wanaweza kukosea kwa sababu hakuna anayekijua kipande chenyewe vizuri. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kunong'ona. Namba ile ni ya nini? Kwa nini kijiji chetu kimewekewa duara jekundu? Kivuli gani kinachopita jua likiwa limezama? Kijana mmoja akauliza kwa nini kivuli hicho kisipite juu ya mashamba ya wakubwa.

"Jamani," Hawa akasema, akainuka kwenye benchi, "kinapita saa moja na dakika arobaini na mbili. Hakisubiri. Kikishapita hapo, hakitarudi tena mbele ya nyota ile. Nifungeni baadaye, lakini sasa niacheni nifanye kazi."

Mama Mbeleje alikuwa amefika akiwa amejifunga shuka mabegani. Shamba ni lake, kwa hiyo walimpisha.

"Afanye hapa uwanjani, mbele ya macho yetu," akasema. "Amesema nyota itazimika. Isipozimika, tutajua. Lakini simu yake achukue mtendaji. Hao wenzake wa Kolo na Nzuguni, namba zao atupe sasa, na mtendaji ndiye atakayewapigia, yeye asiseme nao neno. Mashahidi wakionana mlangoni, hakuna tena kesi."

Hawa akatoa simu bila kubishana. Hilo nililiona, nikalipuuza.

Walimsaidia kusogeza meza ya ofisi nje. Taa ikazimwa. Kwa haraka ya mikono niliyoionea wivu aliitafuta tena nyota ile mpaka ikarudi katikati ya kioo. Watu wakamzunguka, bega kwa bega, wakipumuliana. Zikabaki dakika tatu. Dada, sijawahi kuona watu wengi hivyo wamenyamaza bila kuwapo maiti. Dakika moja. Kisha saa kwenye kona ya kioo ikafika arobaini na mbili.

Nyota ikabaki pale pale.

Arobaini na tatu. Iko. Ikapepesa kidogo kwa ajili ya upepo, mtu mmoja akaguna, lakini haikuzimika. Arobaini na nne. Nyuma yangu mwanamke akacheka kwa pua.

"Nyota yako ipo, mama," mtendaji akasema.

Wakaanza kusema wote. Wa kwanza alitaka gari litafutwe apelekwe polisi Kongwa mjini. Wa pili alitaka darubini ibaki kijijini. Mikono ikaanza kushika kebo.

Mimi nilikuwa namtazama Hawa. Nilikuwa nimemtazama kwa siku mbili nikitafuta kosa, kwa hiyo sikuweza kuacha. Mwongo akishikwa hutafuta mlango, au mtu wa kumsingizia. Yeye alikuwa anaandika. Aliinama kwenye daftari lake, katikati ya kelele zile, akaandika saa, akaandika "Kongwa: haikuzimika", akapiga mstari chini kwa rula. Kisha akaangalia tena kama ameandika sawa. Nikaona jambo ambalo lilinichoma: mtu huyu ameandika kwa mkono wake ushahidi unaomfunga, kwa sababu ndicho alichokiona.

Nikapanda juu ya benchi. Sauti ilitoka nyembamba.

"Mimi ndiye niliyempekua," nikasema. "Amelala kwangu, amekula kwangu, na asubuhi akiwa bafuni nikafungua mkoba wake na kupiga picha ile. Sikumwuliza kwanza. Nilimpelekea mtendaji njia ambayo sikuijua ni njia ya nini. Msimguse kabla hamjawapigia wale wawili. Mlisema mtawapigia."

Watu wakanigeukia. Hawa hakuinua kichwa. Mtendaji akatazama simu iliyokuwa mkononi mwake kama aliyesahau anayo.

Akapiga Kolo, akaweka spika. Sauti ya mzee ikapokea kwa kelele, kama wazee wanavyodhani umbali unahitaji.

"Hawa! Umeiona? Imezimika, mwanangu! Sekunde kumi na kidogo! Nimehesabu kwa mdomo na mashine nayo imehesabu!"

Mtendaji akakata. Akapiga Nzuguni. Msichana akapokea kwa woga.

"Daktari, samahani. Imezimika, lakini kidogo tu. Kama sekunde nne. Nadhani nimekosea mahali, uniambie nirekebishe wapi."

Akakata. Hapo watu wakalipuka. "Kumi! Nne! Na hapa hakuna! Hata uongo hawakuupanga!" Mtendaji mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa.

"Nyamazeni," Mama Mbeleje akasema. Hakupaza sauti. "Mimi nimekaa barazani miaka mingi. Wakija mashahidi watatu na neno moja, hatua zile zile, mti ule ule, hata kikohozi mahali pale pale, najua wamelala nyumba moja. Watu hawa wangepanga, wangelingana." Kisha akanigeukia. "Mwalimu wa fizikia. Acha kulia. Kitu kimoja kinaweza kuwa cha sekunde kumi huko, nne kule, na hapa hakuna? Ndiyo au hapana?"

Nilikuwa sijui kama nalia. Nikashuka kwenye benchi. Mfukoni nilikuwa na kipande cha chaki, mwalimu hakosi. Taa ikawashwa, nikaingia ndani nikapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi nikachora duara kubwa. Nikapitisha mstari karibu na katikati yake, ukawa mrefu. Nikapitisha wa pili karibu na ukingo, ukakata kipande kifupi tu. Wa tatu nikaupitisha nje kabisa, haukugusa kitu.

"Huu mrefu ni Kolo," nikasema. "Huu mfupi ni Nzuguni. Huu wa nje ni sisi. Kivuli kimekwenda kwa mshazari, kama mistari ya ramani, ila kimesogea zaidi upande wa Kolo kuliko walivyotarajia. Kingekuwa uongo, nisingeweza kuchora duara moja likawatosha wote watatu. Ndiyo, mama. Inawezekana. Kwa kitu cha mviringo, ndivyo inavyotakiwa iwe."

Waliinama kutazama, wale wa nyuma wakiwalalia wa mbele. Mtu mwenye fimbo akafuata mstari wa Nzuguni kwa ncha yake, pole pole, akarudia.

"Kwa hiyo sisi tumekosa," akasema, kama mtu aliyenyimwa fungu lake.

Hawa akaongea kwa mara ya kwanza tangu nyota ilipokataa kuzimika. "Hamjakosa. Mmenionyesha kinapoishia. Kama nyota ingezimika huku nako, nisingejua ukingo wake uko wapi."

Sikudanganyi kwamba wote waliridhika. Mtendaji alitaka aandike maelezo na kuweka saini, na akaandika. Kijana yule aliyeulizia mashamba ya wakubwa alisema atasubiri aone, na mimi sikumlaumu, ndiyo maneno ambayo ningesema. Lakini kebo zilirudishwa mikononi mwa Hawa, na wanaume wawili wakabeba masanduku. Hayakuja kwangu. Mama Mbeleje alimchukua Hawa akalale kwake.

Asubuhi alikuja kuchukua mkoba wake. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ungenijibu," nikasema. "Na mwongo naye hujibu. Sikujua ningewatofautisha vipi."

"Basi ungeniuliza mara mbili."

Nikamweleza habari za bonde na bibi. Alisikiliza kwa adabu. Akasema pole, na ilikuwa pole ya kweli, lakini akaongeza kwamba si yeye aliyechukua bonde letu. Kisha basi la Dodoma likapiga honi barabarani, akaenda.

Tangu siku ile, dada, wanakijiji hawana neno na Hawa. Wana neno na mimi. Mwanamke ninayenunua kwake nyanya alificha pochi yake nilipoinama kuchagua. Mkuu wa shule amenunua kufuli la kabati. Wanafunzi wa kidato cha tatu wamenipa jina ambalo sitakuandikia, linahusu simu. Watu wanaona kwamba aliyempekua mgeni atashindwaje kumpekua mwenyeji, nami nikijaribu kuipinga mantiki hiyo sipati pa kuanzia. Ningekuwa wao, ningefunika daftari.

Juzi Hawa alirudi. Mama Mbeleje alikuwa amemwagiza kwamba matokeo yaletwe mkutanoni mbele ya kijiji, yasiletwe kwa kunong'onezana ofisini. Alikuja na karatasi yenye umbo la kile kipande cha barafu. Kimetokea si mviringo kamili, kimebonyea kidogo kama kiazi, na mistari yetu mitatu imepita juu yake, wa Kolo, wa Nzuguni, na wa Kongwa uliopita pembeni mweupe mtupu. Alisema bado anahitaji watu wengine, wa nchi nyingine, walinganishe hesabu zao na zake. Mama Mbeleje aliigeuza karatasi, akataka nyuma iandikwe kwamba hakuna dai lolote juu ya shamba lake, ikasainiwa, kisha akaipeleka nyumbani. Naambiwa imo kwenye sanduku la bati pamoja na hati yake ya kimila ya shamba.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata Hawa kwenye gari. Sikuwa na maelezo tena, hayo nilishayatoa. Nikamwomba msamaha tu, mbele ya dereva.

Alinishika mkono, akaushikilia kwa muda.

"Nimekusamehe, Faraja," akasema. "Ila nikija tena, sitalala kwako."

Nikamwambia ni haki yake. Nikafunga mlango wa gari taratibu ili usipige kelele, nikasimama mpaka vumbi lilipotulia.

Haya ndiyo yaliyonifunga mdomo kwenye simu. Msimulie Mama yote, usimchujie. Msalimie shemeji, mwambie jembe aliloniahidi bado nalihitaji. Msalimie shangazi yetu mshonaji, na mama mkwe wako, na yule jirani anayetuuzia maziwa, na mlezi wa kwaya aliyenifundisha sauti ya pili. Watoto wako wabusu vichwani kila mmoja, yule wa mwisho mara mbili kwa kuwa sijamwona.

Nakutakieni kuni kavu na usiku usio na sakitu.

Ni mimi mdogo wako,
Faraja